SOMO LA UFUGAJI WA NYENJE: MAYAI YASIFE NJIANI



Siku hizi watu wengi wanaofika kwenye meza yetu ya wafanyakazi wa jamii huuliza swali lilelile: "Nilipewa mkebe wa mayai ya nyenje, nikautunza wiki mbili, sikuona hata mtoto mmoja. Nimekosea wapi?" Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta hakukosea kitu nyumbani kwake. Alipokea mayai yaliyokwisha kufa njiani, kati ya nyumba ya mfugaji aliyetoa mbegu na mlango wake yeye. Kwa hiyo somo la leo ni la safari hiyo peke yake. Kutengeneza sanduku, kulisha na kuvuna havimo humu.

Usidharau safari hiyo kwa sababu ni fupi. Yai la nyenje huchukua siku 10 hadi 14 kuanguliwa kukiwa na joto zuri, na mtoto huchukua wiki 6 hadi 8 kukomaa. Mkebe uliokufa hauna alama kwa nje. Mfugaji hungoja wiki mbili nzima akinyunyizia maji juu ya vitu vilivyokufa, kisha hungoja zamu yake nyingine ya kupewa mbegu, halafu ndipo aanze upya kuhesabu miezi miwili. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, hakuna nyumba hapa Kakuma wala Kalobeyei yenye miezi ya kupoteza.

Yai linataka nini?

Nyenje jike ana kitu kirefu kama sindano nyuma yake. Hukichoma ndani ya udongo wenye unyevu, akaacha mayai huko chini, mahali jua lisipofika. Yai lenyewe lina urefu wa milimita 2 au 3, ni jembamba, jeupe lenye umanjano kidogo, kama punje ya mchele iliyopungua. Usilifananishe na yai la kuku. Yai la kuku lina ganda gumu na maji yake yote ndani, ndiyo maana unaweza kuliweka juu ya meza. Yai la nyenje huja na maji machache, na katika siku zake za kwanza hunywa maji kutoka kwenye udongo hadi likavimba. Likikaa pakavu hukunjamana, na likikunjamana limekwisha. Lakini pia linapumua. Likizama ndani ya maji hukosa hewa, likafa kama mtu aliyezama.

Basi unabeba kitu kinachokunywa na kupumua kwa wakati mmoja. Makosa yote niliyoyaona, na mengine niliyoyafanya mwenyewe, yanatoka hapo: mtu anakumbuka maji anasahau hewa, au anakumbuka hewa anasahau maji.

Jambo la tatu ni joto. Mayai hupenda joto la nyuzi 28 hadi 32 hivi. Hapa kwetu Turkana hewa ya mchana peke yake hupita hapo mara nyingi, na kitu kilichofungwa kikawekwa juani hupata joto kali kuliko hewa iliyokizunguka. Mtu atasema: nyenje si mdudu wa nchi za joto? Ndiyo, lakini yeye mwenyewe hujificha chini ya jiwe ikifika saa sita. Yai haliwezi kukimbia.

Nilivyoua mikebe minne

Nitawaeleza nilichofanya katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, ili usirudie. Nilipewa mikebe minne niwapelekee akina mama wa kikundi kimoja cha Kalobeyei. Niliogopa udongo usikauke, nikamwagia maji mpaka yakasimama juu. Nikaogopa maji yasimwagike, nikafunga vifuniko kwa nguvu na kuzungushia nailoni. Nikafunga kartoni nyuma ya pikipiki, upande wa ekzosi, maana upande wa pili kulikuwa na mzigo wa mwenye pikipiki. Tuliondoka saa nne asubuhi. Njiani dereva akasimama kwa fundi kujaza upepo, tukakaa hapo, kartoni ikiwa juani. Nilifika nikiwa na furaha kwa sababu hakuna hata tone lililomwagika.

Baada ya wiki mbili nilirudi. Mama mmoja aliyekuwa ameandaa sanduku zuri, na trei za mayai ya kuku za kujificha wadudu, na maji katika sifongo, alinifunulia mkebe wake. Ulikuwa na harufu ya kuoza na utando mweupe wa ukungu juu. Akaniambia, "Mwanangu, uliniletea matope." Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikuwa ameuza khanga moja apate mbao za lile sanduku.

Angalia ni makosa mangapi ndani ya safari moja: maji mengi, hewa hakuna, ekzosi, kuchelewa kuondoka, kusimama juani. Lolote moja kati ya hayo lingetosha kuua.

Kutayarisha mkebe

Kazi ya safari huanza kabla ya majike kutaga. Usingoje watage katika beseni moja kubwa halafu uanze kugawa kwa kijiko. Ukichota udongo wenye mayai unayapasua mengine, na yaliyobaki unayaacha juu juu ambapo hukauka. Weka vikopo vidogo tangu mwanzo, kikopo kimoja kwa nyumba moja. Kikopo cha mafuta ya kupikia cha nusu kilo kinafaa sana, ukikiosha na kukisuuza mpaka harufu ya sabuni iishe. Njia hii pia huondoa ugomvi wa nani kapata kingi, na wote tunajua ugomvi huo ulivyo katika vikundi vyetu.

Ndani ya kikopo weka udongo laini au mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha vidole vitatu. Udongo huo ukaange kwanza katika sufuria kuukuu, uuache upoe kabisa. Kukaanga kunaua mayai ya sisimizi na wadudu wengine wadogo wanaokula mayai ya nyenje. Mchanga mtupu wa laga si mzuri kwa safari. Ukitikiswa hushuka na kugandamana, ukayabana mayai. Wengine hutumia pamba ya dukani. Pamba ni nyepesi, na mayai unayaona kwa macho, lakini kwa hewa yetu hukauka upesi mno. Mimi huitumia kwa safari ya chini ya saa moja tu.

Kipimo cha maji ni mkono wako. Chukua udongo, ukaze ngumi. Maji yakichuruzika kati ya vidole, umezidisha. Ukifungua ngumi donge likisambaratika lenyewe, umepunguza. Donge likisimama na kiganja kikabaki na ubichi tu, hapo ndipo. Tumia maji yaliyochotwa yakakaa wazi usiku mzima, kwa sababu maji ya bomba za kambi hutiwa klorini.

Weka kikopo ndani ya sanduku la nyenje waliokomaa, juu yake uweke kipande cha wavu wa dirisha. Majike hupitisha ile sindano yao katika matundu wakataga, lakini hawawezi kufukua na kula mayai, maana nyenje hula mayai yao bila aibu. Acha usiku mmoja, au miwili kama majike ni wachache. Kisha toa kikopo, nyunyiza tabaka jembamba la udongo mbichi juu, na uandike tarehe kwenye kikopo. Uandike kwenye kikopo chenyewe. Kifuniko hubadilishwa na kopo jingine, na hapo hutajua tena mayai ni ya lini.

Tarehe ina kazi kubwa. Sisi hupendelea kuyasafirisha mayai kati ya siku ya tatu na ya saba. Kufikia siku ya tatu yamekwisha kunywa na kujaa, na baada ya siku ya saba ninaanza kuogopa yasianguliwe njiani. Nyenje mchanga ni mdogo kama sisimizi, hupita kwenye tundu lolote, na tone moja la maji linatosha kumzamisha. Ukipewa kikopo chenye siku ya kumi, ni heri yule anayekupa akilee mwenyewe, wewe ungoje kingine.

Kwa nini uwaangalie wazazi

Hapa nitatoka kidogo kambini, kwa sababu jambo hili wenzetu walilijua kwa gharama kubwa.

Kusafirisha mayai ya wadudu si uvumbuzi wa leo. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 552 watawa wawili walimletea Mfalme Justinian, huko Konstantinopoli, mayai ya viwavi wa hariri kwa siri, na tangu hapo hariri ikaanza kutengenezwa katika nchi yake, nayo ilikuwa ikinunuliwa kwa bei kali kutoka mashariki. Wadudu wakubwa wasingevumilia safari ile ndefu. Mayai yalivumilia, kwa sababu mayai ya kiwavi wa hariri yanaweza kulala miezi yakiwa makavu na baridi. Ya nyenje hayawezi, usijaribu.

Lakini yai likibeba mbegu hubeba na ugonjwa. Katikati ya karne ya 19 viwavi wa hariri wa Ufaransa walishikwa na ugonjwa wa madoadoa kama pilipili, wafugaji wakafilisika. Walinunua mayai mapya kutoka mbali na bado viwavi wakafa. Mwaka 1865 serikali ilimtuma Louis Pasteur, mtaalamu ambaye baadaye alijulikana kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alionyesha kwamba ugonjwa hupita kutoka kwa nondo mama kuingia ndani ya yai lenyewe. Dawa yake ilikuwa utaratibu tu: kila nondo atage mahali pake, kisha nondo asagwe na kutazamwa kwa hadubini. Akiwa na vijidudu, mayai yake yote yachomwe moto. Akiwa safi, mayai yawekwe.

Nyenje nao wana magonjwa yao. Kuna kirusi kimoja kilichoua nyenje wa mashamba mengi ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Sisi hatuna hadubini, lakini tuna macho. Kabla ya kupokea kikopo, omba kuona sanduku la wazazi. Ukiona nyenje wengi wamelala chali wakichezesha miguu, au wamelegea hawaruki unapotia mkono, au kuna harufu ya mzoga, shukuru kwa heshima uondoke mikono mitupu. Najua ni vigumu kukataa kitu cha bure mbele ya mtu mzima aliyekukaribisha. Mwambie, "Baba, nitarudi wiki ijayo." Hiyo si dharau. Uchukue kikopo kibaya, na nyumba kumi za bloku lako zitakipata baada yako.

Siku ya safari

Ondoka alfajiri, saa kumi na mbili, na uwe umefika kabla ya saa tatu. Kama huwezi asubuhi, ondoka saa kumi na moja jioni. Safari ya saa sita mchana usiikubali hata kama pikipiki ni ya bure.

Kifuniko kitoboe kwa msumari wa moto, matundu kumi hadi kumi na tano madogo. Chini yake weka kitambaa chembamba ili udongo usirukie nje na sisimizi wasiingie. Vikopo vipange wima ndani ya kartoni, katikati ujaze magazeti yaliyokunjwa au nyasi kavu, visigongane. Kartoni nayo itobolewe ubavuni. Usiweke ndani ya mfuko uliofungwa wa nailoni. Licha ya kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, mfuko wa namna hiyo juani ni sufuria yenye kifuniko.

Kwa safari inayozidi saa moja, zungushia kartoni gunia la katani au khanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukiacha juu wazi ili hewa ipite. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama vile jasho linavyokupoza upepo ukivuma. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa. Hewa ya Turkana ni kavu, kwa hiyo njia hii inafanya kazi vizuri kwetu kuliko pwani. Lowesha tena kila kitambaa kinapokauka, lakini usimwage maji ndani ya vikopo. Barafu usitumie, baridi kali nayo inaharibu.

Ukipanda pikipiki, pakata kartoni mapajani au ining'inie begani kwa mkanda. Mwili wako hupunguza mtikisiko wa makorongo kuliko kiti cha nyuma cha chuma. Iwe mbali na ekzosi na injini. Katika gari usiiweke mbele kwenye kioo, wala juu ya kerea, na ukishuka kununua chai shuka nayo. Mwambie na dereva umebeba nini. Nimeona madereva wakirusha mzigo uliolala kimya, lakini wakiambiwa "hawa ni viumbe hai" wanaupokea kwa mikono miwili, hata kama watacheka kwanza.

Kitu kingine huua kimyakimya, nacho ni dawa. Mtu hununua dawa ya kunguni au ya mbu sokoni, akaiweka katika kartoni ileile. Au anajipaka mafuta ya kufukuza mbu kisha anashika udongo. Dawa haiwezi kutofautisha kunguni na nyenje. Osha mikono kwa maji mengi, na kama kartoni iliwahi kubeba dawa au mafuta ya taa, tafuta nyingine.

Kuhusu ruhusa: kubeba mayai kutoka bloku moja hadi jingine hakuna shida. Ukitaka kuyafuata nje ya kambi, uliza kwanza ofisi inayohusika na wakimbizi kuhusu karatasi zako za safari, usiende kubahatisha kwenye kizuizi cha barabarani. Na usilete wala kupeleka wadudu hai kuvuka mpaka bila kibali cha serikali. Kuna wanaosema nyenje wa kwao ni wakubwa zaidi. Labda ni kweli, lakini hujui wamebeba ugonjwa gani.

Ukifika

Usifungue juani watu wakitazama, hata kama watoto wote wa jirani wamekusanyika. Weka kikopo kivulini ndani ya nyumba, kipumzike saa moja. Kisha funua, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, nyunyiza maji kwa vidole. Ukiona maji yamesimama, inamisha kikopo taratibu yatoke, uache wazi hewa ipite.

Fukua kidogo pembeni kwa kijiti, utazame mayai mawili matatu. Yai zima limejaa na linang'aa. Lililokunjamana, la kahawia au lenye manyoya ya ukungu limekufa. Ukikuta machache yamekufa usitupe kikopo, toa hayo na endelea. Ukikuta karibu yote, njoo utuambie siku hiyohiyo, usingoje wiki mbili ziishe. Tutakuandika upya, nasi tutajua ni safari gani iliyoharibika.

Kikopo kikae juu ya meza au stuli ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, kwa ajili ya sisimizi. Sisimizi wakigundua kikopo, usiku mmoja unawatosha. Joto ulipime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Udongo ukisikika moto, hamisha. Wakati wa usiku wa baridi funika kartoni kwa blanketi, bila kuziba matundu.

Karibu na siku ya kuanguliwa, ukitazama vizuri utaona vidoa viwili vyeusi upande mmoja wa yai. Hayo ni macho. Hapo tayarisha sanduku, na maji uyaweke katika pamba au sifongo, kamwe si katika sahani. Kama una nyenje wengine, hawa wapya wawe na sanduku lao peke yao kwa mwezi mmoja, na uwahudumie wa mwisho kila siku ili mikono yako isipeleke kitu kwa wale wa zamani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kikopo kimeandikwa tarehe ya siku tisa zilizopita, na kinatakiwa kwenda Kalobeyei kesho mchana kwa sababu pikipiki haipatikani asubuhi. Mtaamua nini, na nani atamwambia anayekingoja?

2. Kila mmoja akaze ngumi ya udongo wake. Linganisheni. Wa nani una maji mengi?

3. Jirani mnayemheshimu anawapa vikopo vitano, lakini katika sanduku lake mmeona nyenje wanne waliolala chali. Mtamjibu vipi bila kumvunjia heshima?

4. Katika bloku lenu, ni sehemu gani ya njia isiyo na kivuli kabisa, na mzigo ungeweza kupumzika wapi kabla ya hapo?

Majibu ya vikundi yaletwe kwenye meza ya wafanyakazi wa jamii, pamoja na vikopo vitupu vilivyooshwa. Vikopo vimetuishia.